Leza ya kijani au ya holmiamu kwa upasuaji wa tezi dume iliyokua?

Mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 532, hufyonzwa na damu. Tezi hugeuka mvuke na mishipa huzibwa papo hapo, jambo linalomfaa mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ila hakibaki kipande cha nyama cha kupeleka maabara kupimwa saratani, na hilo si dogo.

Mwanga wa leza ya holmiamu (aina ya metali), nanomita 2,100, hufyonzwa na maji. Haipenyi hata nusu milimita. Tezi humenywa kama chungwa, husukumwa kibofuni, kisha husagwa na kuvutwa nje. Hapo ndipo pa kukodolea macho: kibofu kisipojazwa maji vizuri, kisagio hung'ata ukuta wake.

Miwani ya wahudumu nayo haiazimani: kijani hufika retina (utando wa nyuma ya jicho), holmiamu huunguza konea (utando angavu wa mbele ya jicho).