Honda Rebel 500 kwa mwanamke dereva: kiti kifupi, na mengine usiyoambiwa dukani

Mwanamke mfupi akiuliza anunue pikipiki gani, mara nyingi anatajiwa Honda Rebel 500, na sababu anayopewa ni moja: kiti chake kiko milimita 690 tu kutoka chini. Sababu hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mazungumzo huishia hapo, wakati kinachoamua kama utaipenda baada ya saa mbili barabarani ni viganja vyako, mgongo wako na shokapu za nyuma. Kwa hayo matatu, Rebel inavyotoka dukani haijakamilika. Inafaa, ila itengenezwe kwanza iukubali mwili wako.

Injini haina lawama. Ni ya silinda 2, cc 471, inapozwa kwa maji, ina gia 6 na nguvu za farasi zipatazo 46. Inavuta kwa upole kutoka chini, kwa hiyo anayeanza hatashtushwa akizungusha mafuta kidogo kupita kiasi, na kwenye barabara kuu inakwenda na magari mengine bila kuhema. Tanki linabeba lita 11.2. Honda inataja kilomita 27 kwa lita, hivyo kujaza tena kila baada ya kilomita 250 ni hesabu salama.

Tukirudi kwenye kiti, namba ya milimita 690 peke yake haitoshi. Jipime: simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja hadi juu kabisa, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Mwenye sentimita 70 hapo atakanyaga chini kwa unyayo mzima kwenye Rebel, magoti yakiwa yamekunjika kidogo. Inasaidia pia kwamba kiti na fremu ni vyembamba pale mapaja yanapopita. Kiti kipana kinatawanya miguu na kukuibia sentimita kadhaa hata kama kipimo chake kwenye karatasi ni kifupi. Ndiyo maana karatasi ya vipimo haitoshi, lazima uikalie. Na muuzaji akisema "hii ni ya kina dada", usimfuate. Pikipiki haina jinsia. Inachojua ni urefu wa mguu, ukubwa wa kiganja na kilo za aliyeikalia.

Kasoro ya kwanza ni mkono wa klachi na wa breki, yaani vile vyuma unavyobana kwa vidole. Havina kirekebishio cha umbali kutoka kwenye mpini. Kwa kiganja kidogo hili ni jambo zito, maana vidole vinashika kwa ncha, nguvu inapungua, na baada ya foleni ndefu kifundo cha mkono kinauma. Jaribu ukiwa umevaa glavu utakazotumia: weka kiganja kwenye mpini bila kukunja kifundo, nyoosha vidole viwili vya katikati. Mkono wa klachi unapaswa kukaa kwenye kiungo cha kwanza cha vidole hivyo. Ukikaa kwenye kucha, nunua mikono ya kubadilisha yenye kirekebishio cha hatua kadhaa, iliyotengenezwa kwa mwaka wa pikipiki yako, kwa sababu vipimo vya pale inapokaa swichi ya klachi vikikosewa kidogo injini itakataa kuwaka. Kabla ya kununua chochote, legeza bolti za kishikizo kwenye usukani na uzungushe mkono mzima kwenda chini kidogo, mpaka mstari wa kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni uwe umenyooka. Ni kazi ya dakika tano isiyo na gharama, na wengi hawaifanyi.

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi huwapa wenye vidole vifupi: kulegeza kebo ya klachi ili ishike karibu na mpini. Ifanye kwa kipimo tu. Ncha ya mkono wa klachi inatakiwa kucheza milimita 10 hadi 20 kabla kebo haijaanza kuvuta. Ukizidisha, klachi haiachii kabisa: gia zinaingia kwa kishindo, nyutro haipatikani, pikipiki inasukuma mbele huku umebana hadi mwisho. Ukipunguza chini ya 10 unapata ubaya wa upande wa pili, klachi inateleza na sahani zake zinaungua, na dalili yake ni injini kupanda sauti bila mwendo kuongezeka. Kama unatafuta ya mtumba, toleo la kuanzia 2020 lina klachi ya kusaidiwa ambayo Honda inasema inapunguza nguvu ya kubana kwa asilimia 30 hivi. Kwa mwenye viganja vidogo visivyo na nguvu nyingi, tofauti hiyo inastahili kusubiriwa.

Usukani nao uko mbali kwa mwenye mikono mifupi. Usiupime ukiwa umenyooka, ugeuze hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Kiganja cha nje kikivutwa mpaka bega linaondoka mahali pake, hutaweza kugeuza kwenye nafasi finyu bila kuyumba. Suluhisho ni vinyanyulio vinavyourudisha usukani nyuma sentimita 2 au 3. Vikishafungwa, geuza tena usukani pande zote injini ikiwa inanguruma. Sauti ya injini ikipanda yenyewe, kebo ya mafuta imekazika, na hiyo ni hatari kubwa. Angalia pia mpira wa breki ya mbele usivutike.

Sasa mgongo. Hapa ndipo Rebel inapokosewa na watu wengi, kwa kulaumu kiti peke yake. Ni kweli sponji ni jembamba na gumu, na nyonga za wanawake kwa kawaida zina mifupa ya kukalia iliyoachana zaidi, hivyo uzito unaangukia kingo za kiti badala ya katikati yake. Lakini maumivu ya mfupa wa mkia baada ya mashimo yanatoka zaidi kwenye shokapu. Safari ya shokapu za nyuma ni fupi, kama milimita 95 tu kwenye gurudumu, na dereva wa kilo 50 au 55 akiendesha na springi iliyokazwa kwa ajili ya abiria, hazizami. Kila tuta linapita moja kwa moja kwenye uti wa mgongo.

Shokapu zina ngazi za ugumu, zinazozungushwa kwa spana ya ndoano. Anza na ngazi laini kabisa, kushoto na kulia sawa. Mwenzako ainue mkia wa pikipiki kidogo hadi shokapu zinyooke, apime kutoka kwenye ekseli ya nyuma hadi alama ya utepe uliobandika kwenye fremu juu yake. Kisha ukae ukiwa na nguo zako zote za safari, miguu juu, mtu akishika usukani, apime tena. Tofauti ikiwa milimita 25 hadi 30, uko sawa. Ikiwa 15 kwenye ngazi ya kwanza, springi ni ngumu kuliko uzito wako na hakuna kiti kitakachokuponya. Tafuta shokapu zenye springi laini. Baada ya hapo ndipo ufikirie kiti, na uchague kilicho kipana nyuma na chembamba mbele. Kukata sponji ili kiti kishuke zaidi ni kujitafutia maumivu, maana urefu wenyewe hauhitaji kupunguzwa. Wala usifunge vifaa vya kuishusha. Tumbo la pikipiki hii tayari liko sentimita 13 hivi kutoka chini, na kwenye kona sehemu za kuwekea miguu hukwaruza lami mapema.

Uzito ni kilo 190 ikiwa imejaa mafuta. Siku itakayolala, na karibu kila pikipiki hulala siku moja, usiivute kwa mikono. Zima kwa swichi ya usukani. Kama imelalia upande wa kulia, fungua stendi kwanza. Weka gia ili isitembee. Geuza usukani hadi mwisho kuelekea chini, kipe kiti mgongo wako, chuchumaa, kiganja kimoja kwenye mpini wa chini na kingine kwenye fremu, halafu rudi kinyumenyume kwa hatua fupi, mapaja yakifanya kazi na mgongo ukiwa wima. Ikishasimama inaweza kugoma kuwaka: kihisi cha kuanguka kimekata mafuta. Zima ufunguo, uwashe tena. Wengi wamekodi gari la kuibeba kwa ajili ya hilo tu. Na ikigoma bila kuanguka, fuata mpangilio huu kabla ya kumwita fundi: swichi nyekundu ya usukani, stendi ya pembeni, nyutro, kubana klachi, kisha betri, ambayo ikiwa imepumzika isisome chini ya volti 12.4.

Kwa matengenezo ya nyumbani pikipiki hii ni rafiki. Oili ni lita 2.7 ukibadilisha na filta, 2.5 bila filta, ya 10W-30 yenye alama ya JASO MA. Alama hiyo usiipuuze: klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na oili ya gari yenye vilainishi vya ziada huifanya iteleze. Nati ya kumwagia hukazwa kwa Nm 30 na washa mpya. Anayekaza kwa hasira ndiye anayeua nyuzi za aluminiamu. Huhitaji nguvu nyingi, unahitaji spana ya kupimia mkazo.

Cheni ndiyo inayosumbua, kwa sababu hakuna stendi ya katikati. Injini ikiwa imezimwa, nyutro, sogeza pikipiki kidogo kidogo huku ukipaka mafuta upande wa ndani wa cheni. Usithubutu kuiwasha ikazunguka yenyewe, vidole vimekatika hivyo. Kulegea kwake pima katikati ya sehemu ya chini, mahali kadhaa, maana cheni haichakai sawasawa, na ufuate kipimo kilicho kwenye kibandiko karibu na gurudumu la nyuma. Ukirekebisha, legeza nati ya ekseli, zungusha skrubu za kurekebishia za pande zote mbili kwa robo mzunguko zilizo sawa, linganisha alama, kaza. Cheni iliyokazwa mno inang'oa beringi ya shafti ya gia, na hiyo ni injini kufunguliwa.

Tairi hazina tyubu, inchi 16 mbele na nyuma. Beba vifaa vya kuziba na pampu ndogo: chomoa msumari kwa koleo, safisha tundu, sukuma kizibo chenye gundi, kata kikibaki milimita chache, jaza upepo, endesha taratibu hadi kwa fundi wa tairi. Tundu likiwa ubavuni usizibe, tairi hiyo imekwisha.

Kama barabara zako nyingi ni za vumbi na makorongo, usiinunue, hata miguu yako iipende vipi. Kama kilo 190 zinakutisha, Rebel 300 ina kiti cha urefu uleule na ni nyepesi kwa zaidi ya kilo 20, ila kwenye barabara kuu itahema. Na kama tatizo lako ni viganja na mikono kuliko miguu, kalia pia Kawasaki Vulcan S: ni nzito zaidi, kiti kiko milimita 705, lakini mikono yake ya klachi na breki inarekebishika tangu kiwandani, na kiti, usukani na sehemu za miguu vinapatikana kwa vipimo tofauti.