Nyumba ya popo niliyotengenezewa Moshi: kazi safi, safi kupita kiasi

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke, natoa 3 kati ya 5, na hiyo ya tatu ni kwa sababu fundi alirudi kurekebisha bila kununa.

Mi nakaa Rau, nyumba ya bati na dari la jipsam, na kwa kama miaka miwili huko juu tulikuwa na wapangaji wasiolipa kodi. Popo wale wadogo wenye kamkia kanachomoza nyuma, sio wale wakubwa wanaomaliza mapera. Ikifika saa 1 kasoro jioni unawasikia wanakwaruza kwenye kenchi, halafu wanaanza kudondoka kwenye upenyo wa feshabodi, ule ubao wa pembeni ya paa, mmoja mmoja na kuruka zao. Popo wenyewe hawana tatizo, tatizo ni mkojo. Jipsam ya chumba cha watoto ikaota doa la njano linalokua kila wiki, na jua la Januari likipiga bati ile harufu inakufanya utamani kuhama wewe uwaachie nyumba. Fundi mmoja akasema tupulizie sumu nikakataa, popo akifa darini anaoza humo humo na wengine wanaanguka chini wamelewa dawa watoto wanawaokota. Mwingine akashauri naftalini, tukaweka, tukanuka sisi, wao wakasogea upande wa pili wa dari.

Ndo nikaanza kusoma habari za nyumba za popo, yaani masanduku ya kuwapa makazi nje ya dari lako, kumbe wenzetu Marekani wanazitundika ukutani kama sisi tunavyotundika mizinga ya nyuki. Nikachukua simu yenye picha na vipimo nikaenda kwa seremala mmoja upande wa Majengo, jina nalihifadhi. Tulikubaliana 70,000 mbao za saipresi juu yake, siku 5, akamaliza siku ya 12, ila kwa seremala hiyo siihesabu hata kama kuchelewa.

Sasa sikia. Kitu kilikuwa kizuri jamani. Sanduku bapa, urefu sentimita 60, upana 40, wazi kwa chini, ndani mbao zimepangwa wima zinagawa vyumba vitatu vyembamba vya sentimita 2 hivi, maana popo hawa wanapenda kubanana, ukiwapa nafasi kubwa wanaona kama wako nje. Skrubu zimeingia sawa, silikoni kwenye viungo vya juu imepakwa vizuri ili joto na mvua visipite. Nikaingiza mkono kwa chini nipapase ndani. Inateleza kama sahani. Amepiga randa mbao zote, akapiga msasa, halafu akamalizia na vanishi NDANI. Namuuliza fundi hii nini, ananijibu kwa raha kabisa, "Bosi hiyo nimekupigia finishingi ya kabati la bibi harusi."

Popo anatua chini ya mlango halafu anapanda ubao kwa kucha, ndani ananing'inia kwa hizo hizo kucha, pakiteleza hana pa kushika. Na pua yake sio ya mchezo, vanishi mbichi ataikimbia. Ukisoma maelekezo yoyote ya hizi nyumba utakuta wanasisitiza mbao ya ndani iwe na magaga, isiwe na dawa ya mchwa wala rangi. Nilimwambia mwanzoni "usiweke rangi ndani", yeye akaelewa rangi ni rangi, vanishi ni vanishi. Kosa nusu langu. Alipoelewa akacheka mpaka akakaa chini, "Miaka yote wateja wananisema sijapiga randa vizuri, leo nasemwa nimepiga."

Akatoa zile mbao za kati akaweka mpya kama zilivyotoka kwenye msumeno, akachana mistari midogo ya kulala kila baada ya sentimita 1, na kwa chini akaongeza ubao wa kutulia unaoshuka sentimita 12 nao umechanwa hivyo hivyo. Ubao wa nyuma na wa mbele alikwangua vanishi, nikaliacha sanduku juani wiki mbili. Akanichaji 15,000 ya mbao tu. Pia nikamwomba aache upenyo mwembamba wa hewa kwa mbele, Moshi kuna joto, na nje nikapaka rangi ya maji ya kahawia isiyokolea. Ningekuwa Arusha ambako Julai mnavaa makoti ningepaka iliyokolea zaidi ili ivute jua.

Kosa la pili halimhusu fundi, ni langu lote. Nililitundika kwenye mparachichi maana picha inapendeza. Miezi miwili hakuna kitu zaidi ya nyigu. Mtini kuna kivuli, kuna matawi, paka anapanda, na popo wale wakitoka wanajiachia kwanza ndo wanaruka, kwa hiyo chini wanataka pawe wazi. Septemba nikalihamishia ukuta wa jiko la nje, mita 4 kwenda juu, linatazama mashariki lipate jua la asubuhi. Hapa angalieni, maelekezo mengi ya Marekani yanasema elekeza kusini, hiyo ni kwao, sisi tuko jirani na ikweta, jua miezi mingine linapita kaskazini mwetu mingine kusini, kwa hiyo mashariki ndo uhakika wako. Taa ya ulinzi iliyokuwa inamulika pale nikaihamisha.

Mama wa jirani akachungulia juu ya ukuta, "Baba Neema, popobawa hajakutosha mpaka umjengee?" Nikamwambia popobawa ni wa Pemba mama, huku baridi ya mlima haiwezi.

Kuwatoa darini ndo kunataka akili. Usizibe tundu hovyo, ukiziba na watoto wasioruka wako ndani umejitengenezea harufu nyingine. Wengi huzaa kipindi cha mvua, kwa hiyo nilisubiri vuli ipite, Februari nikatundika kipande cha wavu juu ya ule upenyo wa feshabodi, kimegongelewa juu na pembeni, chini kinaning'inia huru. Popo akitoka anateleza chini ya wavu anaondoka, akirudi anatua pale pale alipozoea, mlango haupo. Usiku wa 8 hakutoka hata mmoja, nikaziba. Wengine nahisi wamehamia bati la mama wa jirani, sijamuuliza na sina mpango.

Aprili nikaona punje nyeusi kwenye saruji chini ya sanduku. Nikadhani panya. Nikaigusa moja na kijiti ikavunjika unga, ndani vinang'aa vipande vya mabawa ya wadudu, ya panya haivunjiki hivyo. Nilifurahi kama nimepata kiwanja. Juni nikahesabu popo 9 wakitoka, wiki iliyopita 23. Kile kinyesi nalowesha maji kwanza, navaa barakoa, ndo nafagia na kukichanganya na udongo wa migomba, kikiwa kikavu usikitimue, vumbi lake linaweza kuumiza mapafu.

Na popo usimshike kwa mkono mtupu hata akiwa ameanguka anatia huruma. Mwaka 2007 mtalii wa Uholanzi alikwaruzwa na popo hapo Tsavo, akarudi kwao, akafariki kwa kirusi cha jamii ya kichaa cha mbwa. Ukikwaruzwa osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nenda hospitali siku hiyo hiyo. Watoto wangu wanajua, chini ya lile sanduku hawachezi.

Mnaotaka nyumba ya popo ili malaria iishe, okoeni hela. Wanakula wadudu wengi kweli, nondo, mende wa kuruka, mbu pia, ila mbu wa kwako hawatakwisha. Kuna tajiri mmoja Florida alijenga mnara mzima wa popo mwaka 1929 ili afukuze mbu, popo hawakukaa, mnara ukabaki umesimama hivyo hivyo mpaka kimbunga cha 2017 kikaulaza. Sisi chandarua hatujatoa.

Nimeagiza la pili, la vyumba vinne, kwa fundi yule yule. Kataja 80,000, nimempa advansi 40,000 kwa sharti moja, randa abaki nayo kwenye makabati.