Kuhamisha BizTalk kwenda Azure tukiwa Mtwara: uzoefu wangu baada ya misimu miwili ya korosho

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia, na sababu iko huko chini.

Mimi ni fundi wa mifumo kwenye kampuni moja ya maghala hapa Mtwara mjini. Ukipita nje msimu wa korosho utaona magunia, mizani, na malori ya Tandahimba na Newala yakisubiri zamu. Usichokiona ni kwamba nyuma ya mizani kuna programu nne na kila moja inasema lugha yake: ya mizani, ya uhasibu, ya benki inayopokea mafaili ya malipo, na ya kutuma meseji kwa makatibu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. BizTalk Server ya Microsoft ndiyo mkalimani wao. Mzigo ukishapimwa, BizTalk inalichukua faili la mizani, inaligeuza lisomeke kwa mhasibu, inaandaa lile la benki, kisha inamjulisha katibu kwamba kilo zake zimeingia. Ikilala, korosho zinaendelea kupokelewa kama kawaida ila tunarudi kwenye daftari na kalamu, na wiki mbili baadaye watu wanaanza kubishana kuhusu gunia 14.

Tangu 2017 mkalimani huyu aliishi kwenye seva moja ya chuma chini ya ngazi za ofisi, na UPS ambayo betri zake zilikufa siku nyingi. Hakuna aliyependa kuigusa. Aliyeisimika alishahama, na hakuacha hata karatasi moja.

Kilichotuamsha ni Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilifika pwani tarehe 4, na mafuriko yakaikata barabara ya Kusini kule Somanga, Kilwa. Wiki hiyohiyo pawa saplai ya seva ikaungua. Nyingine ilikuwa imeshanunuliwa Dar na kupakiwa kwenye basi, na basi likalala upande wa pili wa maji pamoja na abiria wake. Tulikaa siku sita bila seva. Heri ilikuwa Mei, ghala karibu tupu. Yangetukuta Novemba, sijui ningejificha wapi.

Ijumaa ya tarehe 10 nikampelekea bosi pendekezo: tuhamishie kila kitu kwenye mashine pepe (kompyuta za kukodi zinazoishi ndani ya seva za Microsoft) za Azure, huduma yao ya wingu, kule Johannesburg, ambako wana vituo vya data tangu 2019. Akakubali kirahisi kuliko nilivyotegemea. Jumapili ya tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Jumatatu asubuhi bosi kaniita ofisini.

"Fundi, hilo wingu lako leo liko wapi?"

Nilinyamaza. Lakini swali lile ndilo lililoniongoza miezi yote iliyofuata. Wingu lilikuwa linatuondolea tatizo la barabara na kutupa tatizo la waya. Kwa hiyo kila nilichopanga nilikipima hivi: siku waya ukikatika, ghala litaendelea kupima?

Uhamisho wenyewe. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuinakili seva kama ilivyo, na takataka zake zote, ukaiwashe upya kule. Ya pili ni kujenga mashine mpya kisha kuhamisha programu moja moja. Tulikuwa na BizTalk 2016 juu ya Windows Server iliyozeeka, nikachagua njia ya pili: BizTalk 2020 kwenye Windows Server 2019, na SQL Server, programu inayotunza databesi, kwenye mashine yake peke yake. Programu zinatolewa kama faili la MSI, yaani la kusimikia, na mipangilio ya poti zote (milango ambayo mafaili yanaingilia na kutokea) inatoka kama faili la XML, la maandishi. Unavibeba, unavipakia upande wa pili. Kwenye maelezo ni kazi ya alasiri moja.

Kwetu ilichukua wiki tano, na wiki tatu kati ya hizo ziliishia kwenye nywila. BizTalk ikitoa faili la mipangilio haitoi nywila zilizomo. Inazificha, na ni sawa kabisa kiusalama. Ila maana yake ni kwamba kila poti inayoingia kwa jina na nywila unaijaza upya kwa mkono, na nywila ya kuingilia kwenye seva ya benki kwetu hakuna aliyekuwa anaijua. Ilikuwa imelala ndani ya seva ya zamani tangu 2017 ikifanya kazi yake kimya. Ikabidi tuandike barua benki. Barua ikajibiwa kwamba aliyesaini ombi la kwanza ndiye anayetakiwa kusaini la pili, na huyo ni yule aliyehama. Sitaitaja benki, na kusema kweli kosa lilikuwa letu. Kama unahama mwaka huu, anza na nywila na vyeti vya usalama kabla hujafungua hata akaunti ya Azure. Vyeti navyo vitazame vizuri: vinakaa kwenye hifadhi ya akaunti ileile inayoendesha BizTalk, kwa hiyo ukiingia na akaunti yako ya kawaida huvioni, unaweza kuapa kwamba havipo.

Jambo jingine la siku ya kwanza ni ile siri kuu inayofunga nywila zote ndani ya BizTalk. Ukishamaliza kusimika, itolee nakala, ikae nje ya mashine hiyo, na neno lake la kufungulia likae kwa watu wawili. Databesi zote zinaweza kuwa salama, lakini siri hiyo ikipotea mipangilio yote ya poti inabaki fumbo. Sisi nakala moja iko kwenye sefu ya mhasibu, pamoja na kadi za magari.

Bekapu nazo zina mila zake. BizTalk ina databesi kadhaa zinazotegemeana, na ukizinakili moja moja kila moja kwa saa yake, siku ya kurudisha hazitakubaliana. Ipo kazi maalumu ndani ya SQL Server Agent, mpanga ratiba wa SQL Server, inayozinakili zote kwa alama moja. Ikishasimikwa inakuwa imezimwa, inangoja wewe uipe folda na kuiwasha. Seva yetu ya zamani ilikaa miaka saba na kazi hiyo imezimwa. Miaka saba! Nilipoligundua hilo sikumwambia mtu kwa siku mbili.

Sasa makosa yetu kwenye Azure, maana haya ndiyo ningependa ningesoma kwa mtu mwingine.

Saa. Mashine mpya ya Azure huwa inakuja na saa ya UTC, saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa 3. Malipo tuliyapanga yatoke saa 10 jioni, yakawa yanatoka saa 1 usiku, benki imeshafunga hesabu za siku. Siku mbili tukadhani benki inatuchelewesha. Nikapiga simu kulalamika, tena kwa sauti. Kijana wa upande wa pili akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa adabu, "Kaka, seva yenu ina saa ngapi hapo?"

Diski ya D. Mashine nyingi za Azure zinakuja na diski ya muda, ya haraka na tupu, inavutia kweli. Mdogo wangu wa kazini akaweka humo nakala za mafaili ya mizani ya majaribio. Mashine ilipozimwa na kuwashwa tena, diski ikarudi tupu kama ilivyozaliwa. Na ndani ya diski hiyo huwa kuna faili la onyo kabisa, kwa herufi kubwa. Hatukulifungua.

Kuzima. Ukiizima mashine kwa ndani, kama unavyozima kompyuta ya mezani, bili inaendelea kutembea, maana nafasi yako bado imeshikwa. Inabidi uisimamishe kutoka kwenye ukurasa wa Azure mpaka hali yake iandike kwamba imeachiwa. Hata hapo diski zinaendelea kulipiwa. Mashine yetu ya majaribio ilizimwa kwa njia ya kwanza, ikalala wiki mbili tukiilipia. (Toleo la BizTalk la watengeneza programu ni la bure, kwa hiyo majaribio fanyeni. Ila mashine inayolibeba si ya bure.)

Lililonifundisha zaidi lilikuja Septemba, tukiwa kwenye majaribio ya mwisho. Nilikuwa nimeiacha BizTalk ije yenyewe kusoma mafaili kwenye folda ya ghala, kupitia VPN, njia ya siri juu ya intaneti, kama ilivyokuwa ikifanya zamani kwenye mtandao wa ndani. Faiba ikakatika kama dakika 40, ikarudi. VPN ikarudi. Taa zote za kijani. Mafaili hayatembei. Niliangalia kila kitu kwa saa mbili kabla sijafungua kurasa za mipangilio: sehemu ya kupokelea mafaili, folda ikipotea mtandaoni, kwa mpangilio wake wa kawaida inajaribu mara 5 kila baada ya dakika 5, halafu inajizima. Ikishajizima haijiwashi mpaka mtu aje. Dakika 25 tu! Hapa Mtwara waya kukatika nusu saa ni habari ambayo hata haisimuliwi.

Ningeweza kuiongezea idadi ya majaribio, wengi hufanya hivyo. Nikaona bora nigeuze mwelekeo. Sasa pale ghalani kuna kompyuta ndogo isiyo na maajabu yoyote, inayopokea mafaili kutoka kwenye mizani, inayahifadhi, na kuyasukuma yenyewe kwenda Johannesburg pale njia inapokuwapo. Njia isipokuwapo yanajipanga. Wingu halihitaji kuifikia folda ya ghala, na ghala halihitaji kujua kama wingu lipo. Nikaongeza na laini ya 4G ya mtandao tofauti na ule wa faiba, ingawa baharini kukichafuka kama Mei ile zote mbili zinaumwa pamoja.

Oktoba 2024 msimu ukafunguliwa, mara ya kwanza tukiwa kule. Wiki ya tatu, katikati ya siku yenye malori mengi, mtandao ukapotea tangu saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mzee wa mizani aliendelea kupima. Hakuniita, hakuwa na sababu. Mtandao uliporudi mafaili 612 yaliondoka kwa mpigo, nikakaa nikiyatazama yakipita, na ndani ya robo saa mhasibu alikuwa na kila kilo mezani kwake. Jioni nikamtolea mzee taarifa kwamba leo tulikuwa gizani saa tano. Akaniuliza, "Giza gani tena, mwanangu? Umeme si ulikuwepo?"

Hapo ndipo nilipoielewa BizTalk kwa kweli, kitu nilichokuwa nikikiendesha bila kukiheshimu. Kila ujumbe unaoingia unaandikwa kwanza kwenye databesi yake, ndipo ushughulikiwe. Benki isipopatikana, ujumbe unangoja na kujaribu tena, haupotei. Uvumilivu huo una kikomo: ujumbe ukirundikana kwenye databesi kupita 50,000 kwa mpangilio wa kawaida, mfumo unaanza kujibana wenyewe na kila kitu kinakuwa kizito. Sisi hatujafika hata robo, lakini kila Jumatatu nakagua jumbe zilizokwama, maana zisipoondolewa zinajazana polepole kama uchafu kwenye mfereji.

Je, ningeshauri mtu mwingine aanze na BizTalk leo? Hapana. Toleo la 2020 ndilo la mwisho, Microsoft wameshasema, na msaada wake unaishia 2030. Wanawasukuma watu kwenye Logic Apps, huduma ya palepale Azure isiyohitaji seva ya kwako. Ila kama tayari unayo na biashara inaitegemea kama sisi, kuihamishia kwenye mashine pepe kunakupa miaka ya kujipanga bila kulala na hofu ya pawa saplai. Na usihame msimu ukiwa mlangoni. Sisi tulimaliza wiki moja kabla ya mnada wa kwanza, na sitarudia.

Sasa nyota ya tano. Seva ya chuma uliinunua mara moja, kwa shilingi, ukaisahau. Hii inakuja kila mwezi, na hesabu yake ni ya dola. Katikati ya 2024 tulipokuwa tunapiga bajeti dola ilishavuka shilingi 2,600, ikapanda tena msimu ulipoanza, na mimi ndiye niliyeitwa kueleza, kana kwamba bei ya dola naipanga mimi. Tulipojifunga mkataba wa mwaka mzima kwa zile mashine mbili kuu, gharama ilishuka vizuri, lakini lazima uwe na hakika na ukubwa unaoutaka. Sisi tulianza na mashine kubwa mno kwa woga, tukaja kuipunguza Februari baada ya msimu.

Bili ya mwezi huu imefika juzi. Mhasibu kaisoma mara mbili, kavua miwani.

"Fundi, ile ya majaribio umeizima kweli, au umeizima kama ile siku nyingine?"

Nimeizima, dada. Kisha nikarudi mezani kwangu, nikafungua ukurasa, nikaangalia tena.