Toyota 86: kwa nini niliagiza ya 2017 na kuziacha za 2013

Ukiingia kwenye tovuti za magari ya Japani ukatafuta Toyota 86, gari dogo la spoti lenye milango miwili, zinazokuja mwanzo kwa bei poa ni za 2012 na 2013. Picha zinapendeza, rangi nyekundu, rimu za inchi 17, na unaanza kujiona uko nayo Barabara ya Bagamoyo. Mimi nilikuwa naagizia Dar mwaka 2024, na kabla ya kuangalia rangi nilifungua kikokotoo cha ushuru cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. Nashauri kila mtu aanzie hapo.

Gari iliyotumika ikiwa na miaka 8 hadi 10 inalipiwa ushuru wa uchakavu wa 15%. Ikivuka 10 ni 30%. Asilimia hizo haziishii kwenye bei ya gari peke yake: zinapigwa juu ya thamani ambayo tayari imeongezwa ushuru wa forodha wa 25%, ushuru wa bidhaa wa 5% nao unaongezwa hapo, halafu VAT ya 18% inapita juu ya yote. Chukua thamani ya 100 ili uone vizuri. Bila uchakavu, 86 inafika kwenye 155 hivi. Ikiwa na uchakavu wa 15% inakuwa 177, na wa 30% inakuwa 199. Kwa mwaka 2024 ya 2017 ilikuwa haijaguswa, ya 2016 ilikuwa imeingia kwenye 15%, na ile ya 2013 iliyoonekana rahisi ilikuwa ishaangukia 30%. Kumbuka pia kwamba TRA wana thamani yao kwenye mfumo, hawafuati risiti yako, kwa hiyo kujisifu kwamba umeipata kwa bei ya kutupa mnadani hakukusaidii sana bandarini. Anayeagiza 2026 arudie hesabu upya, maana ya 2017 sasa ina miaka 9. Ndugu zetu wa Kenya wao hawana hata pa kubishania, gari ikishapita miaka 8 haiingii.

Lakini hata ushuru ungekuwa sawa, bado nisingechukua ya 2013. Mwaka 2018 magari haya ya miaka ya mwanzo, 86 na ndugu yake Subaru BRZ, yaliitwa yarudishwe kwa sababu ya springi za valvu zinazoweza kukatika. Kwenye injini ya kawaida kazi hiyo ungesema ndogo. Kwenye FA20, yaani injini ya 86, ambayo silinda zake zimelala kushoto na kulia, injini inabidi ishushwe. Na zipo zilizofunguliwa, zikafungwa tena, kisha zikaleta shida baadaye kwa sababu ya silikoni ya kuzibia injini iliyopakwa vibaya. Kwa hiyo ukikuta ya 2013 una maswali mawili: springi zilibadilishwa? Na kama zilibadilishwa, aliyefunga alikuwa makini? Kwa gari iliyoko mnadani Japani hakuna wa kukujibu swali la pili.

Niliwahi kuiendesha moja ya 2013 ya rafiki yangu hapa mjini. Usukani mtamu sana, hilo halina ubishi. Ila kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika injini inakata pumzi. Unakanyaga, sauti inapanda, gari haiendi na wewe. Kwenye kulipita lori njia ya Chalinze hilo si jambo la kuchukulia mzaha.

Toleo lililoboreshwa, ambalo Wajapani wanaliita kouki, lilitoka Agosti 2016. Nguvu ilipanda kutoka farasi 200 hadi 207, toki (nguvu ya kuzungusha) kutoka Nm 205 hadi 212, na uwiano wa difu ukabadilishwa kutoka 4.1 hadi 4.3, ndiyo maana inatoka kwa wepesi zaidi. Lile shimo la katikati, pale injini inapokata pumzi, halijafukiwa lote, nisikudanganye, ila sasa ukishusha gia moja unapita. Na hapa kuna mtego ambao wauzaji hawakuelezi: gari iliyoandikwa 2016 inaweza kuwa ya zamani au mpya. Usisome mwaka, angalia bampa na taa. Kouki ina mdomo mpana uliokaa chini, taa za mbele za LED zenye indiketa ndani yake, na taa za nyuma zimechorwa upya.

Mtego wa pili ni giaboksi. Nyongeza hizo za nguvu zilikwenda kwa gia za mkono tu. Otomatiki ya 2017 ilibaki na 200 na Nm 205 zake zilezile. Kwa hiyo mtu anayetaka otomatiki halafu analipa zaidi kwa ajili ya kouki, analipia taa na bampa. Si vibaya, taa ni nzuri, lakini ajue.

Za 2022, yaani GR86, kizazi cha pili cha 86, nilizitamani. Lita 2.4, nguvu 235, toki Nm 250 inayokuja mapema, na lile shimo limekwisha. Kilichonizuia kwanza ni bei. Pili, FA20 ina cc 1,998, inakaa kwenye kundi la ushuru wa bidhaa wa 5%. FA24, injini ya GR86, ina cc 2,387, inarukia 10%. Malalamiko ya vipande vya silikoni kukutwa kwenye kichujio cha pampu ya oili nayo yalinitia ubaridi.

Kuikagua nilimtegemea wakala na karatasi ya mnada, ile inayoipa gari daraja kulingana na hali yake. Daraja R nilizikataa bila kusoma zaidi, hizo zimegongwa zikanyooshwa. 86 nyingi Japani zimechezewa drifti, yaani kuserereshwa makusudi kwenye kona, kwa hiyo niliomba picha za ndani ya matao ya matairi ya nyuma. Moja iliyokuwa imesafishwa inang'aa, daraja 4, ilikuwa na mabaki meusi ya mpira yameganda huko ndani kama lami. Nikaiacha. Hii niliyonayo ilikuwa na mikwaruzo ya bampa na kiti cha dereva kilichochakaa ukingoni, vitu ambavyo havinisumbui.

Kuishi nayo Dar kuna mambo yake. Iko milimita 130 tu kutoka chini. Matuta ya mtaani kwetu naingia kiupande, tairi moja moja, na bodaboda nyuma wananipigia honi. Viti vya nyuma ni vya kuwekea mkoba. Siti za mbele zinashika mgongo vizuri, na dashibodi ina kioo kidogo kinachoonyesha joto la oili, ingawa maandishi ni ya Kijapani.

Mafundi ndio mtihani. Nilipoipeleka kubadilisha oili, fundi alipaka 0W-20 kwenye vidole, akaisugua, akatikisa kichwa.

"Dada, hii nyepesi mno kwa joto la Dar. Tuweke 20W-50, injini itulie."

Nikamwambia hapana, kitabu kimesema hivyo. Akaweka, lakini kwa huruma. Sasa oili nanunua mwenyewe na kusimama pale mpaka inamiminwa. Plagi ni shughuli nyingine. Ziko ubavuni, karibu na chasisi, mkono hauingii, na fundi aliyezoea 1NZ, injini ya Toyota za kawaida, anaweza kukukatia moja humo ndani. Tafuta aliyezoea Subaru. Dar wapo, na bei yao haipishani sana na ya wengine.

Ukikosa 86 safi, angalia BRZ ya kuanzia nusu ya pili ya 2016. Zinatoka kiwanda kimoja huko Ota, Gunma, injini ni ileile. Springi za saspensheni na bampa ni baadhi ya vinavyotofautiana. Ila ushuru wake ukokotoe peke yake, usichukulie kwamba thamani kwenye mfumo itakuwa sawa na ya 86.