Ndimu ya unga kwenye droo ya mashine ya kufulia: nyota tatu

Kanzu ya mume wangu ndiyo iliyonifumbua macho. Ijumaa jioni, kesho yake tunakwenda Masaka kwenye kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulisha wachumba) ya mdogo wake, naitoa mashineni naikuta ina vidoa vyeusi kifuani kama imemwagiwa majani ya chai. Nikairudisha, ikatoka na vingine. Nilipovuta droo ya sabuni mpaka mwisho nikaona aibu yangu: ukoga mweusi pembeni, sabuni ya unga iliyoganda kama ukoko, na kwenye kijumba cha dawa ya kulainisha nguo, utelezi wa kijivu unaovutika kama bamia. Usiku ule kanzu niliifua kwa mkono, kwa sabuni ya mche.

Fundi niliyempigia alisema droo hiyo imekwisha, ninunue nyingine kwa shilingi 140,000 za Uganda. Nikamwambia ahsante fundi, nikakata simu.

Mimi ni mtu wa Likoni, na kwetu birika likiota gamba dawa yake ni ndimu ya unga. Nilikwenda sokoni Nakasero, hapa Kampala, kwa muuza viungo, naye anaiita sitriki. "Nyabo, unatengeneza juisi?" Nikamwambia naosha mashine. Alicheka, akanipimia nusu kilo kwa 8,000.

Kutoa droo ni rahisi kuliko nilivyodhani. Yangu ina kiulimi katikati, kule nyuma. Unakibonyeza huku unavuta, inachomoka nzima. Ndani ya kijumba cha dawa ya kulainisha kuna kifuniko kidogo cha buluu, nacho kinatoka. Miaka mitatu sikujua kama kinatoka! Chini yake ndiko uvundo wote ulikokuwa umelala. Nikaweka vyote kwenye beseni, maji ya moto (si ya kuchemka, plastiki isije ikapinda), vijiko vinne vya ndimu ya unga, nikaiacha saa nzima.

Matokeo? Ule weupe mgumu kwenye kingo ulitoka wenyewe, safi kabisa. Lakini ukoga mweusi ulikuwa palepale, na ule utelezi ndio kwanza umelainika kidogo. Nilikasirika, kisha nikafikiri. Likoni tunatumia maji ya kisima, yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa, na chokaa ndiyo inayoyeyushwa na ndimu. Hapa Kansanga bomba linaleta maji ya ziwani kutoka Ggaba, maji laini. Birika langu la Kampala halijawahi kuota gamba la maana. Uchafu mwingi wa droo yangu haukuwa chokaa, ulikuwa mabaki ya sabuni na dawa ya kulainisha, juu yake kuvu. Nilikuwa nampa mgonjwa wa jino dawa ya macho.

Kilichomaliza kazi ni maji mengine ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Dakika ishirini. Halafu usisahau tundu lenyewe inapokaa droo: niliwasha tochi ya simu nikachungulia juu, kwenye vitundu vinavyomwaga maji, nikakuta bustani ya kuvu. Mswaki tena, mkono mpaka kwenye kiwiko.

Madoa ya kuvu yaliyogoma niliyapaka Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, siku ya pili, baada ya kusuuza droo mara kadhaa. Hapa nisikilizeni, mama zangu: Jik na ndimu ya unga haviwekwi beseni moja, wala kimoja juu ya kingine kabla ya kusuuza. Vikikutana vinatoa hewa ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu.

Makosa yangu nayakubali. Nilikuwa natumia sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, yenye povu jingi, tena kwa kumimina. Dawa ya kulainisha nilikuwa napitisha mstari wa kipimo. Na kwa kuogopa Yaka (umeme wa kulipia kabla) kuisha nafua kwa maji baridi siku zote, kwa hiyo sabuni haiyeyuki vizuri. Sasa mara moja kwa mwezi naendesha mashine tupu kwa nyuzi 60, na droo naiacha wazi kila nikimaliza kufua. Mume wangu ameshaigonga kwa goti mara mbili.

Basi, nyota tatu. Kama maji yako ni ya kisima na unaona gamba jeupe, inunue, kwako ni tano. Kama unatumia bomba la Kampala, anza na mswaki na sabuni ya vyombo ulivyo navyo, usitoe hata shilingi. Iliyobaki kwangu haijaenda bure: watoto wameigundua kabatini, wanachovyea embe mbichi na pilipili.