Uzoefu wangu na sapoti ya darktable, nikiwa Mwanza

Wakuu habari zenu, hasa nyie wapiga picha wa Kanda ya Ziwa mnaokesha mkiedit harusi za watu. Nataka niongelee darktable, ile programu ya bure ya kuedit picha za RAW (faili ghafi la kamera, kabla kamera haijalichakata) na kutunza maktaba ya picha zako, ila sitakaa sana kwenye namna inavyoedit maana video za hilo zipo kibao. Naongelea kitu ambacho watu hawakigusi kabisa: ukikwama, nani anakusaidia? Mi kwangu hapo ndo penye thamani yake kubwa na ndo kilichonifanya nibaki.

Kabla ya hapo nilikuwa natumia programu moja ya kulipia kila mwezi, jina nalihifadhi. Unalipa kwa dola kwa ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, siku salio halijakaa sawa inakufungia sehemu ya kuedit wakati una harusi mbili zinasubiri. Hilo ningevumilia. Kilichonichosha ni huduma kwa wateja, unaandika tatizo lako kwa kirefu na picha unaambatanisha, unajibiwa asante kwa kuwasiliana nasi, jaribu kuzima na kuwasha, ikishindikana futa programu uiweke upya, na kuiweka upya maana yake ni kuidownload yote tena kwa bando la kununua, we acha tu. Ukisema hayo nshafanya anakuja mtu mwingine anaanza tena palepale mwanzo. Wana adabu sana wote, ila katika wote sikumpata hata mmoja anayejua ndani ya programu yao kuna nini.

Darktable haina kampuni nyuma yake. Ilianza 2009, inaandikwa na watu wanaojitolea, wengi wao wako Ulaya, msimbo wake wote uko wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo ya programu, kwa leseni huria ya GPL, yeyote anasoma. Mwanzo ilikuwa ya watu wa Linux na Mac, toleo rasmi la Windows lilikuja Desemba 2017, ndo maana wengi huku kwetu wameijua kwa kuchelewa. Siku hizi matoleo makubwa yanatoka mawili kwa mwaka, moja katikati ya mwaka na jingine kuelekea Krismasi. Sasa kwa mpangilio huo, ukiripoti tatizo, anayekujibu mara nyingi ndo yuleyule aliyekiandika hicho kipande kinachokusumbua, au aliyekaa karibu nacho. Hakuna dawati la mapokezi katikati.

Nielezee lililonikuta. Nilikuwa na picha za sendoff ya Nyakato, Windows ikajiapdeti yenyewe usiku, asubuhi nafungua darktable picha zinatokea na vipande vyeusi kama zimekatwakatwa, nikiekspoti baadhi zinatoka na michirizi ya kijani juu ya uso wa bibi harusi. Mafaili yenyewe mazima, nikiyafungua kwenye kamera, hayana shida. Na huku mama mzazi anapiga simu, "Mwanangu, zile picha za binti yangu vipi?" "Shikamoo mama, zinakuja, kuna tatizo dogo la mtambo." "Marahaba. Ndugu wa Dar wananiuliza kila siku mwanangu." Presha hiyo kila mpiga picha anaijua.

Nikaenda kuripoti. Kitu cha kwanza nilichokipenda ni ile fomu yao, haikuulizi unajisikiaje, inakuuliza toleo gani la programu, mfumo gani wa kompyuta, kadi gani ya grafiki, ulifanya hatua zipi mpaka ikatokea, na faili la RAW pamoja na XMP yake, kile kifaili kinachotunza hatua zako za kuedit, kama unaweza kuwapa. Nikajaza kila kitu. Jibu lilikuja usiku wa siku hiyohiyo, fupi kweli, halina mbwembwe, limesema niwashe programu kwa amri ya darktable -d opencl halafu niwatumie logi, yaani rekodi ya programu ilivyofanya kazi, na nijaribu kuzima OpenCL kwenye setingi nione kama michirizi inabaki. OpenCL kwa asiyejua ni njia ambayo programu inatumia kadi ya grafiki kufanya hesabu za picha ili prosesa ipumue, inaongeza spidi sana. Kwenye Windows logi inajiandika yenyewe kwenye faili linaitwa darktable-log.txt, ni maandishi matupu hata MB haifiki, unatuma bila kuumia.

Nilivyozima OpenCL michirizi ikapotea yote. Hapo hapo ikawa wazi kwamba tatizo si programu wala picha, ni draiva mpya, ile programu ndogo inayoendesha kadi ya grafiki, iliyoingia na ile apdeti. Jamaa akaangalia logi akathibitisha, akaniambia rudisha draiva ya zamani, na kama una haraka edit kwanza bila OpenCL, matokeo ni yaleyale, ni kuchelewa tu. Nikaekspoti sendoff nzima kwa prosesa, laptopu ikaunguruma usiku kucha, asubuhi mama akapata picha zake. Draiva nikarudisha baadaye nikiwa nimetulia. Naomba mlione vizuri hili, mtu nisiyemlipa hata senti alinipa kwa mistari michache njia mbili, ya kuokoa kazi leo na ya kumaliza tatizo lenyewe, na akanieleza sababu.

Kingine ni ukweli wao. Nyie mnajua kumbi zetu na zile taa za LED za bluu na zambarau, DJ anaziwasha wakati wa kukata keki halafu ngozi ya maharusi inageuka mabaka, hakuna sura. Niliuliza kama kuna moduli, yaani kifaa cha kuedit ndani ya programu, ya kuliondoa hilo. Nikaelezwa kwamba taa kama ile ikiwa bluu tupu haina wekundu wa kutosha ndani yake, kwa hiyo sensa ya kamera haikupokea taarifa za rangi ya ngozi, white balance, yale marekebisho ya rangi ya mwanga, haiwezi kurudisha kitu ambacho hakikuingia. Unaweza ukachanganya chaneli za rangi kwenye moduli ya color calibration ukapunguza makali, au geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, na siku nyingine weka flashi yako au ongea na mtu wa taa. Wengine wangekuuzia preset hapo, yaani mpangilio wa kuedit uliotengenezwa tayari. Tangu siku hiyo naongea na MC na mtu wa taa kabla ya keki, nawaomba taa nyeupe dakika chache tu, na kazi imebadilika kabisa.

Upande wa maktaba nako nimepata msaada ila wa aina nyingine, wao wakiona swali lako limeshajibiwa kwenye mwongozo wanakupa linki ya ukurasa wenyewe, basi. Mfano ile alama ya fuvu inayotokea badala ya picha, wengi wanaogopa wanajua picha zimefutika, kumbe maana yake ni kwamba programu haioni faili pale lilipokuwa. Sisi tunaotumia hadidiski za nje tunakutana nayo kila saa, leo Windows imeipa herufi E kesho F, basi maktaba nzima mafuvu. Unaipa diski herufi ya kudumu, au unabofya kulia kwenye folda unaielekeza njia mpya, yanarudi yote na nyota zake. Na kazi yako ya kuedit haipotei maana kila picha ina kifaili chake cha XMP pembeni, RAW yenyewe haiguswi. Hata laptopu ikiibiwa Buzuruga stendi, kama diski ipo nyumbani na XMP zake, unafungua kwenye mashine nyingine unaendelea.

Sasa kitu kilichonigusa zaidi ya vyote. Ukiacha harusi, mi napenda kupiga wavuvi wa dagaa usiku, kule Igombe na Kayenze, zile siku za giza ambazo mwezi haupo na taa za mitumbwi zinatapakaa ziwani mpaka unadhani ni mji. Ni picha ngumu, taa inaungua huku uso wa mvuvi uko gizani, ndo maana RAW ni lazima, RAW ya biti 14 inabeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi wakati JPEG ina 256. Ukipandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, inakuja na chenga, vile vidoadoa kwenye picha. Darktable ina moduli ya kuondoa chenga inayotumia vipimo vya kamera husika, kila modeli na kila ISO ina vipimo vyake, kamera ikiwa haimo kwenye orodha programu inatumia vya kukadiria. Yangu haikuwemo. Kumbe vipimo hivyo vinaletwa na watumiaji! Maelekezo wanayo, unapiga kitu chenye mwanga na kivuli bila kufokasi, ISO moja baada ya nyingine, kila picha iwe na sehemu zilizozidi mwanga na zilizopungua, halafu kuna zana yao inazichakata. Nikapiga ukuta wa nyumbani nikatuma. Pia kuna sehemu inaitwa raw.pixls.us, wanakusanya sampuli za RAW za kila kamera duniani ili programu za bure zipimwe kwa hizo, unachangia kwa masharti ya CC0 yaani unaachia haki zote, kwa hiyo usipeleke picha ya mteja wala sura ya mtu. Mi nilipeleka Bismarck Rock ya mchana. Huwezi kuamini raha niliyopata kujua kwamba mtu wa Ureno mwenye kamera kama yangu programu yake inapimwa kwa jiwe letu la Mwanza.

Tahadhari zangu kwa mnaotaka kuingia. Mawasiliano ya sapoti ni kwa Kiingereza, na Kiingereza cha kiufundi. Hakuna namba ya kupiga. Hawa watu wana kazi zao, wengi wanakaa kwenye hili jioni na wikiendi, na saa zetu ziko mbele ya Ulaya ya kati kwa saa moja au mbili kutegemea msimu, kwa hiyo ukiuliza asubuhi yetu usitegemee jibu kabla ya chai ya saa kumi, na siku ya kazi ya haraka uwe na njia mbadala. Usiandike "haifanyi kazi, msaada wa haraka", hakuna atakayejua aanzie wapi, anza na toleo na logi. Na ukiomba kitu kipya wanaweza kukuambia hapana wakakupa sababu. Mi hapana yenye sababu naiheshimu kuliko "tutalifikisha kwa timu husika".

Kabla hujaapdeti toleo kubwa chukua bakapu ya library.db, faili linalotunza maktaba yako, maana toleo jipya likishaibadilisha, la zamani haliifungui tena.

Mwenye kamera mpya aangalie kwanza raw.pixls.us kama modeli yake imo. Kama haimo, RAW moja ni MB 25 mpaka 50 hivi kutegemea kamera, bando la usiku linatosha kabisa. Na mtu wa Bukoba, Musoma, Geita au popote huku ziwani mwenye tatizo na Kiingereza kinamsumbua, aniandikie kwa Kiswahili hatua zake zote na aweke ile darktable-log.txt, nitamwandikia ripoti mimi na majibu nitamletea.