Mita 20 za waya zilizonitoa kwenye "Muunganisho umepotea"

Nianze na jibu, maana huenda unasoma hii mechi yako ikiwa imeganda. Dota 2, mchezo wa kompyuta unaochezwa na wengi mtandaoni, uliacha kunikata siku niliponunua waya wa mtandao wa shilingi 1,100 Luthuli Avenue, Nairobi. Kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza miezi miwili, na pesa nyingi kuliko hizo, nikitibu ugonjwa ambao sikuwa nao.

Naishi Pipeline, Embakasi, ghorofa ya sita, kwa dada yangu mkubwa. Anayeijua Pipeline anajua maghorofa yalivyobanana, hata jirani wa ploti ya pili akikaanga vitunguu macho yanawasha wewe. Ruta iko sebuleni juu ya mlango, pale mafundi walipochoka kuvuta waya wao. Mimi nachezea chumbani, nyuma ya kuta mbili za mawe. Kila jioni, kuanzia saa mbili hadi kama saa nne, mchezo ulikuwa ukikwama, shujaa wangu anatembea palepale kama mtu aliyesahau alichofuata dukani, kisha naambiwa muunganisho umepotea. Mara nyingine ulirudi. Usiporudi ndani ya dakika 5, Dota inakuhesabu umewatoroka wenzako. Mara mbili nilitupwa kwenye foleni ya waadhibiwa, unakocheza na watoro wenzako hadi ushinde mechi ulizopangiwa. Sijawahi kutukanwa kwa lugha nyingi hivyo.

Nilianza kwa kushuku mchezo wenyewe. Nikakagua mafaili yake kupitia Steam, programu inayouendesha, yote mazima. Kwa hasira nikaufuta nikaupakua upya, kazi ya usiku kucha. Jioni iliyofuata, saa mbili na dakika kumi, ukaganda.

Halafu nikapigia simu kampuni inayotuletea intaneti, jina nitalihifadhi. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa mpole kweli kweli. Akaniuliza kama nimejaribu kuzima ruta na kuiwasha. Nimejaribu. Basi akasema kifurushi changu cha megabiti 10 hakitoshi kwa michezo, anipandishe hadi 20. Nikalipa. Tamthilia za dada yangu zikawa zinafunguka chap chap, na mimi nikaendelea kuganda kama kawaida.

Hapa ndipo ningetamani mtu angenikalisha chini mapema. Mchezo kama huu hauli data nyingi. Unataka vipaketi, yaani vipande vidogo vidogo vya data, vifike mfululizo, kila kimoja kwa wakati wake, na kikichelewa ni bora kisingekuja. Outering Road ilipanuliwa tukashangilia, lakini matatu moja ikisimama vibaya steji ya Taj Mall (jumba lilibomolewa 2018, jina likabaki), upana wote ule haukusaidii kitu. Mimi nilikuwa nimelipia barabara pana ilhali kilichonisumbua kilikuwa steji.

Aliyenifungua macho ni rafiki yangu wa Umoja anayetengeneza kompyuta. Hakuuliza habari za kifurushi. Aliuliza, "Umepima pingi ya ruta yenyewe?" Pingi ni muda wa kipaketi kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Nikamwambia nimepima ya seva, ile kompyuta ya mbali inayoendesha mechi, inapanda hadi 300. "Wacha seva. Pima hapo nyumbani kwanza."

Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika ping -t kisha anwani ya ruta, kwangu ni 192.168.1.1, mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Inaendelea kupima hadi uisimamishe kwa Ctrl na C. Kutoka chumbani hadi sebuleni, hatua kama nane, jibu linapaswa kurudi kwa milisekunde 1 au 2. Yangu ilisoma 2, 3, 2, 214, 4, 187, halafu kipaketi kimoja kikapotea kabisa, halafu 3 tena. Yaani nilikuwa napoteza mechi kabla data haijatoka kwenye mlango wa dada yangu! Kampuni, seva na mchezo wenyewe vyote vilikuwa havijaguswa bado.

Kupitia programu ya simu nikahesabu mitandao ya waifai inayofika chumbani mwangu: 37. Laptopu yangu ya zamani inajua masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, na kwenye masafa hayo ni chaneli 1, 6 na 11 tu ambazo haziingiliani. Ruta 37 zinagombania viti vitatu, na saa mbili usiku ndio wakati kila mtu amerudi kazini akawasha chake. Nilihamisha yetu kutoka chaneli 6 hadi 11, ikapoa siku mbili, kisha nadhani na majirani wakahamia huko. Kama kompyuta yako inashika gigahezi 5, jaribu hiyo kwanza kabla ya kutoa shilingi yoyote, ila ujue hupungua nguvu haraka ikipita ukutani.

Luthuli nilienda Jumamosi. Muuzaji, kijana mdogo tu, alinipokea na "Sema bosi wangu", nikamwambia nataka waya wa Cat 6, daraja la juu kuliko Cat 5e, nikijifanya najua. Akaniuliza unaenda umbali gani. Mita 20. Akacheka, akasema Cat 5e inabeba gigabiti nzima hadi mita 100, nisimpe pesa za bure. Muuzaji wa Luthuli anayekupunguzia bei bila kuombwa, huyo mshike mkono. Kisha akachukua wembe akakwangua nyuzi za waya za aina mbili mbele yangu. Moja ilikuwa shaba hadi ndani. Nyingine ilikuwa nyeupe chini ya rangi, aluminiamu iliyopakwa shaba, na ndiyo iliyorundikwa mbele ya duka. Alibana vichwa viwili kwenye ule wa shaba, akauchomeka kwenye kipimo chake, taa zikawaka moja hadi nane bila kuruka. Usiondoke dukani kabla hujaziona hizo taa.

Nyumbani nikapima tena. Chini ya milisekunde 1, chini ya 1, 1, chini ya 1. Niliiacha nusu saa nzima nikiitazama kama mtu anayetazama ugali usiungue. Usiku huo nilicheza mechi tatu na sikukatika hata mara moja. Tulifungwa mbili, lakini tulifungwa kihalali.

Waya hauwezi kila kitu, nisikudanganye. Nachezea seva za Afrika Kusini. Mwanga ndani ya nyaya za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hula milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Johannesburg ni karibu kilomita 2,900 kwa mstari mnyoofu, na nyaya zenyewe zinashuka Mombasa zikazunguka baharini. Hakuna ruta ya kufuta bahari. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, Afrika Mashariki yote ilitambaa, na siku kama hiyo unafunga laptopu unaenda kunywa chai.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ndani ya nyumba. Hata baada ya waya, pingi ilikuwa inaruka kila ifikapo saa tatu kasoro. Ilikuwa simu ya dada, inapakia picha za siku nzima mtandaoni, inajaza njia ya kutoka nje na vipaketi vyangu vinapanga foleni nyuma ya picha za harusi. Nilimwomba aiweke ipakie usiku wa manane. Alikubali kwa sharti kwamba nioshe vyombo.

Kuhusu zile dawa za kila mtu: kubadili DNS uweke 8.8.8.8 nilijaribu, haikugusa pingi ya mechi, kwa sababu DNS kazi yake ni kutafuta anwani mwanzoni tu. VPN ya majaribio, programu inayopitisha data yako kwenye seva nyingine kwanza, iliniongezea safari. Zote mbili zina kazi zake, ila hii haikuwa mojawapo.

Malalamiko yangu juu ya waya ni mawili. Unapita koridoni, na mpwa wangu ameukwaa mara nyingi hadi nikaupigilia misumari ya plastiki ukutani. Halafu wiki ya tatu kile kiulimi cha plastiki kwenye kichwa kilivunjika, waya ukalegea, na maandishi yale yale yakarudi mbele ya macho yangu katikati ya mechi. Moyo ulinidunda. Fundi wa mtaani alibana kichwa kipya kwa shilingi 50.

Kifurushi nimekirudisha hadi megabiti 10. Dada amelalamika siku moja tu. Koridoni zilitosha mita 16, na ameshaziulizia hizo nne zilizobaki kwa ajili ya televisheni yake.